Barua ya Wazi kwa Bodi ya Shule ya Msingi ya Kanisa Kuhusu Mtaala na Nafasi ya Familia

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, na Idara ya Elimu ya Dayosisi inayoimiliki shule.

Waheshimiwa,

Wazazi na walezi wa wanafunzi wa shule hii ya msingi ya Kilutheri, inayofundisha kwa mchepuo wa Kiingereza, wanaomba barua yao ipokewe kwa heshima ile ile iliyotumika kuiandika. Jina la shule limeachwa makusudi, kwa kuwa watoto wangali madarasani na walimu wao, ambao wengi wanafanya kazi zaidi ya wanavyolipwa, si walengwa wa malalamiko haya. Barua inatolewa hadharani kwa sababu maombi yaliyotangulia, ya mdomo na ya maandishi, yalijibiwa kwa ahadi kwamba jambo litafikishwa mbele, na huko mbele halikuonekana kufika.

Hoja ya wazazi ni kwamba shule ya Kikristo haipati mamlaka yake juu ya mtoto kutoka serikalini peke yake wala kutoka Kanisani peke yake, bali hukabidhiwa na wazazi, na aliyekabidhiwa hana haki ya kumweka kando aliyemkabidhi. Kwa hali ilivyo sasa, mzazi amebakizwa kuwa mlipa ada na mpokea matangazo, huku siku ya mtoto, tangu alfajiri hadi usiku, ikipangwa kwa kuangalia karatasi ya mtihani. Bodi inaombwa kuyapima mambo saba yanayofuata, ambayo hayana uzito sawa.

1. Chimbuko la mamlaka ya shule

Sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati inaliweka jukumu la kuwafundisha watoto amri za Mungu mikononi mwa wazazi wenyewe, na mahali inapotaja kazi hiyo kufanyika ni nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Waraka wa Pili kwa Timotheo unaitaja mwanzoni kabisa imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Martin Luther alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, yaani kile kitabu kifupi cha maswali na majibu ambacho hadi leo ndicho msingi wa mafundisho ya kipaimara, aliziwekea sehemu zake vichwa vinavyomwelekeza mkuu wa nyumba namna ya kuwafundisha jamaa yake, kwa maana kwamba kitabu kilikusudiwa kusomwa mezani kabla ya kusomwa darasani.

Urithi huo haukuishia Ulaya. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi miongoni mwa Wachagga kwa vipindi tofauti kati ya mwaka 1902 na 1938, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Kanisa halina ruhusa ya kuvivunja, bali linapaswa kujengwa juu yake. Wapo wanaomlaumu kwa kuitazama jamii ya Kichagga kana kwamba haikupaswa kubadilika kamwe, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, swali alilowaachia Walutheri wa Tanzania bado halijajibiwa na shule zao, ambazo zinamchukua mtoto kutoka katika vifungo hivyo mapema kuliko misheni yoyote ya enzi zake ilivyowahi kufanya.

Historia ya karibu nayo inazidisha uzito wa swali. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, shule za misheni zilitwaliwa na serikali, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ndiyo iliyoyapa makanisa nafasi pana ya kurudi katika elimu ya msingi kama wamiliki. Ni vigumu kueleza kwa nini Kanisa lilitaka kurudi, ikiwa shule liliyoijenga inaendeshwa kwa ratiba, mabango na ada zisizotofautiana na za mfanyabiashara wa jirani, isipokuwa kwa sala ya asubuhi mstarini na msalaba juu ya geti.

2. Mtaala ulioboreshwa, ambao wazazi hawajaelezwa

Mtaala, kwa maana inayokusudiwa hapa, si orodha ya masomo peke yake. Ni mpango mzima unaoeleza mtoto atajifunza nini, kwa njia gani, kwa muda gani, na atapimwaje. Mpango huo umebadilika kwa kiasi kikubwa nchini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, na utekelezaji katika shule za msingi ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Matokeo yake ni kwamba watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watahitimu darasa la sita mwaka 2027, katika mwaka ule ule ambao watangulizi wao watakuwa wakihitimu darasa la saba, na makundi mawili yatazitafuta nafasi za kidato cha kwanza kwa pamoja.

Jambo zito kiasi hicho limewafikia wazazi wa shule hii kwa njia ya redio na mazungumzo ya barabarani. Hakuna mkutano ulioitishwa kueleza kwamba watoto wa mtaala mpya wanasoma somo la Historia ya Tanzania na Maadili, wala kueleza iwapo vitabu vilivyonunuliwa na wazazi kwa bei isiyo ndogo vinalingana na mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani maelezo rasmi ya mada na umahiri unaotarajiwa katika kila somo. Bodi inaombwa kutoa, mwanzoni mwa kila muhula na kwa kila darasa, nakala ya azimio la kazi, ambalo ni mpango wa mwalimu unaoonyesha mada zitakazofundishwa wiki kwa wiki. Azimio hilo tayari limeandikwa, kwa kuwa kila mwalimu hudaiwa kuwa nalo, na kulitoa hakuigharimu shule zaidi ya karatasi chache. Kwa madarasa yatakayohitimu mwaka 2027, wazazi wanaomba mpango maalumu wa maandishi, unaoeleza walimu na vyumba vitagawanywaje kati ya makundi hayo mawili.

3. Kipindi cha dini na mtaala fiche

Ratiba iliyobandikwa ukutani inaonyesha kipindi cha dini kwa kila darasa. Kwa darasa la nne na la saba, ambayo yanakabiliwa na Upimaji wa Kitaifa na Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, kipindi hicho kimekuwa akiba ya masomo mengine: Hisabati ikichelewa, dini hutoa muda, na Kiingereza kikihitaji zoezi la ziada, dini hutoa tena. Katika shule ya serikali jambo hilo lingeweza kuelezwa kwa upungufu wa walimu. Katika shule ya Kanisa halina maelezo.

Hata pale kipindi kinapofundishwa, mara nyingi huwa ni kukariri aya kwa Kiingereza, aya ambayo bibi aliyeko nyumbani, anayeijua Biblia ya Kiswahili kuliko mwalimu anayeifundisha, hawezi kumsikiliza mtoto akiisema. Kwa kuwa maudhui ya kipindi hiki kwa muda mrefu yameachiwa madhehebu yenyewe, hapa ndipo Bodi ina uhuru mkubwa kuliko katika somo lingine lolote, na hapa ndipo imeutumia kidogo kuliko popote. Wazazi wanaomba somo la dini lifundishwe kwa Kiswahili, lipewe azimio la kazi kama masomo mengine, na lisiondolewe kwenye ratiba ya darasa lolote kwa sababu ya mtihani. Vilevile wanaomba haki ya watoto wa madhehebu mengine na wa dini nyingine, ambao shule inawapokea na kuwatoza ada ile ile, iandikwe wazi katika fomu ya kujiunga, pamoja na namna mzazi anavyoweza kuomba mtoto wake asihudhurie kipindi hicho. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 19, inaulinda uhuru wa imani, na shule ya Kikristo haipaswi kusubiri kukumbushwa jambo hilo na wakili.

Yako mafunzo mengine ambayo hayana kipindi. Wataalamu wa elimu huyaita mtaala fiche, wakimaanisha yale yasiyoandikwa popote lakini mtoto akayapata kutokana na namna shule inavyoendeshwa kila siku. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, ila geti la shule hii bado lina bango lenye picha za watoto waliopata A zote, na katika ibada ya kufunga muhula watoto husimamishwa kwa kufuata nafasi zao darasani, wa kwanza mbele. Mtoto wa darasa la pili hahitaji kufafanuliwa kinachomaanishwa na mpangilio huo, hasa unapofuata mara baada ya mahubiri kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Ni kweli kwamba wapo wazazi wanaolipenda bango na wangelilipia liwe kubwa zaidi. Bodi ya shule ya Kanisa haikuundwa ili iwatii hao.

4. Muda wa mtoto: basi la alfajiri, bweni na kambi

Hili ndilo lililo zito kuliko yote. Basi la shule humchukua mtoto wa darasa la kwanza saa kumi na moja alfajiri na kumrudisha jioni akiwa amelala kitini, na kati ya kuoga, kula na kumaliza kazi za shule hazibaki dakika za mtoto kuzungumza na mtu yeyote wa nyumbani kwake. Jumamosi ni ya masomo ya ziada. Likizo, ambayo kalenda ya mihula ya serikali huitenga kila mwaka, hukatwa kwa kambi ya kitaaluma, yaani utaratibu wa kuwakusanya wanafunzi wa madarasa ya mitihani na kuwalaza shuleni kwa wiki kadhaa wakifanya majaribio mfululizo.

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliozuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba watoto wa umri huo wanahitaji malezi na ukaribu wa familia zao. Ingetarajiwa kwamba shule za Kanisa zingeushangilia waraka huo, kwa kuwa serikali ilikuwa ikisema kwa lugha ya utawala jambo ambalo Kanisa hulisema madhabahuni kila Jumapili ya familia. Shule hii iliondoa neno bweni kwenye tangazo lake na kuendelea kuwalaza watoto wa darasa la nne kwa jina la kambi, tena ikiwatoza wazazi fedha nje ya ada. Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, kitanda cha kambi na kitanda cha bweni ni kitanda kile kile, na anayemsikia akikohoa usiku ni matroni yule yule mwenye watoto wengine wengi wa kuangalia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na haikuweka msamaha kwa ajili ya Upimaji wa darasa la nne.

Bodi imewahi kujibu kwamba bila kambi ufaulu utashuka. Jibu hilo lina maana moja tu, kwamba siku nzima ya masomo, pamoja na Jumamosi, haitoshi kuwafundisha watoto wa miaka kumi yale yanayopimwa darasa la nne, na kama ndivyo ilivyo, tatizo liko katika ufundishaji wa mchana na haliwezi kutibiwa usiku. Inafaa kukumbuka pia kwamba Luther, katika barua yake ya 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, ambayo nayo ilikuwa barua ya wazi na ndiyo inayotajwa mara kwa mara kama asili ya wito wa Kilutheri wa kuanzisha shule, alipendekeza mvulana aende shule kwa saa moja au mbili kwa siku, na muda uliosalia aufanyie kazi nyumbani na kujifunza ufundi. Hakuna mzazi wa leo anayeomba saa mbili. Kinachoombwa ni kwamba watoto wa awali hadi darasa la pili wawe wamefika nyumbani kabla ya saa tisa alasiri. Njia za basi zigawanywe upya ili asiwepo mtoto anayechukuliwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi irudishwe kwa familia kwa madarasa yote hadi la nne. Na kambi ya darasa la nne ifutwe, kwa jina lolote itakaloitwa.

5. Kazi za nyumbani

Mitaala ya Tanzania, tangu katikati ya miaka ya 2000, imejengwa juu ya umahiri, yaani uwezo wa mtoto wa kutenda jambo kwa kutumia maarifa aliyonayo, badala ya kuyarudia tu maarifa hayo. Kazi zinazopelekwa nyumbani na shule hii hazina dalili ya mabadiliko hayo. Ni nakala za mitihani ya miaka iliyopita, maswali ya kuchagua herufi, yaliyoandikwa yote kwa Kiingereza, ambayo mzazi aliyesoma kwa Kiswahili hawezi kuyasimamia, na mzazi aliyesoma kwa Kiingereza huishia kuyajibu mwenyewe usiku wa manane ili mtoto asiadhibiwe kesho yake. Katika hali zote mbili familia imetumika bila kushirikishwa.

Kazi ya nyumbani inayoihitaji familia ni rahisi kuibuni. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kutumwa amuulize babu au jirani mzee jinsi mtaa wao ulivyokuwa kabla ya barabara ya lami, kisha aandike aya moja kwa Kiswahili kwa ajili ya somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Wa darasa la nne anaweza kupima kwa hatua na kwa kamba eneo la bustani ya mchicha, akakokotoa mzingo na eneo lake. Wa darasa la pili anaweza kuambiwa amsomee mdogo wake kisa cha Biblia na arudi na swali ambalo mdogo huyo aliuliza. Kazi za aina hiyo zingempa hata mama asiyejua Kiingereza nafasi ya kuwa mwalimu, nafasi ambayo kwa sasa shule inamnyima kila jioni, na zingeliponya jambo ambalo halisemwi sana mikutanoni, nalo ni mtoto kuanza kumdharau mzazi wake kwa sababu ya lugha. Wazazi wanaomba kazi za nyumbani zisizidi nusu saa kwa siku hadi darasa la nne, na angalau moja kwa wiki iwe ya kufanywa pamoja na mtu wa nyumbani, kwa Kiswahili.

6. Adhabu

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinaitaka adhabu hiyo itolewe kwa idhini ya mkuu wa shule, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu maalumu. Wazazi wanaomba kukiona kitabu hicho. Wanaomba pia kwamba mtoto asichapwe kabla mzazi hajaitwa, na kwamba kukosa swali au kuchelewa kulipiwa ada kusiwe kosa la mtoto.

7. Nafasi ya wazazi katika maamuzi

Katika shule za msingi za serikali, kamati ya shule huwa na wajumbe waliochaguliwa na wazazi, na katika nyingi kati ya hizo umeundwa pia umoja wa wazazi na walimu, unaojulikana kwa kifupi kama UWAWA, ambao hukutana kujadili mahudhurio, chakula na maendeleo ya kila darasa. Mzazi asiyelipa ada katika shule ya serikali ana sauti rasmi. Mzazi anayelipa mamilioni katika shule ya Kanisa hana. Bodi ya shule hii huteuliwa na Dayosisi, na hakuna mzazi aliyewahi kumchagua mjumbe wake hata mmoja. Mkutano wa wazazi huitwa mara moja kwa mwaka na ajenda yake kuu huwa ni ada mpya, iliyokwisha kuamuliwa. Kundi la WhatsApp la kila darasa limefungwa ili viongozi tu waweze kuandika, na mzazi mwenye swali hana pa kuliweka.

Wazazi wanaomba viti vitatu katika Bodi, vitakavyojazwa kwa kura ya wazazi wenyewe, kimoja kikiwa cha mama au mlezi wa mtoto wa awali hadi darasa la pili. Wanaomba mkutano wa kila muhula ambao ajenda yake ya kwanza itakuwa taaluma na malezi, na fedha zifuate. Na wanaomba muhtasari wa kila kikao cha Bodi unaohusu ratiba, mtaala na ada utolewe kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Bodi ikiona kwamba katiba ya Dayosisi hairuhusu wajumbe wa kuchaguliwa, inaombwa ionyeshe kifungu kinachozuia, ili wazazi waufikishe mjadala huo kwa Halmashauri Kuu ya Dayosisi.

Jibu la maandishi linaombwa kabla ya muhula huu kufungwa, likieleza kwa kila ombi kama limekubaliwa, limekataliwa au linahitaji muda, na kwa sababu gani. Ada za muhula ujao zitalipwa kwa wakati kama kawaida, kwa kuwa mishahara ya walimu haipaswi kuwa silaha ya mgogoro huu. Lakini kambi ya darasa la nne ikitangazwa tena, wazazi waliotia saini nakala iliyokabidhiwa kwa Mkuu wa Shule hawatawapeleka watoto wao, watawabakiza nyumbani kwa kipindi chote cha likizo, na watampelekea Kamishna wa Elimu nakala ya barua hii pamoja na tangazo la kambi hiyo.

Wenu katika Kristo,
Wazazi na walezi wa wanafunzi wa elimu ya awali hadi darasa la saba